Sufu Ghafi ya Kondoo: Usiichome, na Usiioshe Yote

Mara ya kwanza niliponyoa kondoo wangu mwenyewe, nilirundika sufu nyuma ya banda nikaiwasha kiberiti. Ilijikunja, ikatoa harufu ya nywele zinazoungua hadi jirani akaja mbio kuuliza kuna nini, kisha ikazimika yenyewe. Nikaimwagia mafuta ya taa. Mafuta yakaungua yakaisha, sufu ikabaki pale pale, nyeusi juu na nyeupe ndani.

Huku kwetu nyanda za juu za Kenya, Kinangop, Ol Kalou, Molo hadi Mau Narok, baridi inatulazimisha kufuga kondoo wenye sufu, lakini wengi wetu tunamfugia nyama. Sufu ni kero tu inayotolewa ili mnyama asihemewe na joto wala asijae kupe na mavi. Bei anayotoa mnunuzi wa gunia hailipi hata kazi ya kunyoa. Basi inatupwa mtaroni.

Nimeshaitumia kwa miaka kadhaa sasa, na kosa nililoliona kwangu na kwa wenzangu ni moja: mtu akiamua kuitumia, anaiosha yote. Anamaliza maji, kuni na mgongo, halafu anachoka kabla hajafika kwenye kazi yenyewe. Sehemu ya sufu ya kondoo mmoja haihitaji kuoshwa kamwe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kuchambua, na beseni la maji litangoja.

Kwanza mjue kondoo wako

Corriedale, aliyetokana na kuchanganya Merino na Lincoln kule New Zealand, ana sufu ndefu ya wastani, na ndiye anayefaa kwa karibu kila kitu nitakachoeleza. Merino ana sufu laini zaidi lakini yenye mafuta mengi. Kuiosha ni kazi. Hampshire Down, yule mwenye uso mweusi, sufu yake ni fupi na yenye kufura tena ukiibonyeza, kama sponji. Haishikamani vizuri ukiisugua. Wengine huona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo bora ya kujazia mto, kwa sababu haigandi kuwa mabonge.

Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai wana nywele zaidi kuliko sufu. Kile kinachopukutika kwao kipeleke shambani, usijisumbue.

Kabla ya mkasi

Nyoa siku za jua, sufu ikiwa kavu kabisa. Ukiinyoa na umande ukaitia guniani, itapata joto, itaota ukungu na kuwa na madoa ya njano yasiyotoka. Usinyoe pia mwezi wa Juni au Julai ukamwacha mnyama nje kwenye ukungu wa milima ya Aberdare. Utampoteza kwa kichomi. Mnyime malisho usiku wa kuamkia kazi, kwa sababu kondoo aliyeshiba huteseka akilazwa chali.

Tandaza turubai. Pitisha mkasi karibu na ngozi mara moja. Ukiona umeacha urefu wa kidole, uache hivyo hivyo. Ukirudia kukata utapata vipande vifupi vinavyoharibu kazi yote ya mbele.

Mambo mawili hapa si ya mzaha. La kwanza ni kimeta. Vijidudu vyake hukaa kwenye sufu na udongo miaka mingi, na zamani wafanyakazi wa viwanda vya sufu walikufa kwa kuvuta vumbi lake. Kondoo aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu puani au nyuma, usimnyoe, usimchune, usimpasue. Mwite daktari wa mifugo. La pili ni dawa ya josho. Dawa nyingi za kupe hushika kwenye mafuta ya sufu, kwa hiyo ninaandika tarehe ya kuogesha na kuacha angalau miezi miwili mitatu ipite kabla ya kunyoa. Na ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chai.

Kuchambua

Sufu ya kondoo aliyenyolewa vizuri hutoka ikiwa imeshikana kama blanketi. Itandaze juu ya wavu wa waya uliotundikwa kwenye fremu ya mbao, upande uliokatwa ukitazama chini, kisha itikise kwa nguvu. Vumbi na vipande vifupi vitaanguka vyenyewe.

Sasa zunguka kingo. Mabonge yenye mavi nyuma ya mapaja, sufu ya tumbo iliyogandamana, ya miguuni, na ya shingoni iliyojaa nyasi na mbegu zinazonata: zote ng'oa utie kwenye gunia la kwanza. Hilo ni gunia la shamba. Mapaja yana sufu nene na ngumu, na mgongoni ncha zake huwa zimekaushwa na jua na mvua. Hizo ni gunia la pili, la kujazia. Kinachobaki mabegani na ubavuni ndicho kizuri, gunia la tatu.

Kabla hujaridhika na la tatu, vuta shungi moja, lishike ncha zote mbili karibu na sikio, ulikaze kwa ghafla. Likilia kama uzi wa gitaa, ni imara. Likitoa sauti ya kitu kinachochanika, limekatika katikati: kondoo huyo aliugua au alishinda njaa wakati fulani katika mwaka huo, na sufu ikaota nyembamba siku hizo. Ihamishie gunia la pili. Uzi utakaousokota hapo utakukatikia mkononi.

Gunia la shamba

Hapa ndipo sufu inaponishangaza bado, na hapa hutumii hata tone la sabuni. Sufu ni protini, ina nitrojeni nyingi na salfa, na jasho la kondoo lililokaukia ndani yake lina potasiamu. Inaoza polepole, inachukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kwa hiyo mmea haupati chakula chote kwa mpigo.

Kwa matandazo, ichanechane kwa mikono iwe nyepesi, iloweshe kwanza, halafu itandaze unene wa vidole vitatu kuzunguka mche, ukiacha nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina. Kuilowesha kwanza ni lazima: sufu kavu yenye mafuta inakataa maji, na mvua ya kwanza itateleza juu yake kama juu ya bati. Ikishalowa inashika maji vizuri. Weka mawe machache au udongo juu, la sivyo ndege wataibeba kujengea viota na upepo utamalizia iliyobaki. Miche yangu ya parachichi niliyoitandazia hivi Januari niliimwagilia mara moja pale ambapo mingine ilihitaji mara mbili.

Ukichimba shimo la mti, tupa kiasi cha nusu debe chini, changanya na udongo na samadi, ndipo upande. Kwenye vyungu na magunia ya sukuma wiki, konzi moja ya sufu chini huzuia udongo kumwagika na hushika maji. Kwenye mboji usiitie kwa bonge, maana utalikuta bonge lile lile baada ya mwaka. Isambaze kwa tabaka nyembamba kati ya majani mabichi na uloweshe kila tabaka.

Wako wanaosema sufu hufukuza konokono. Kwangu walipanda juu yake wakala kabeji kama kawaida.

Kuosha zile zinazostahili

Magunia mawili yaliyobaki ndiyo yanayooshwa, na la pili halihitaji usafi wa harusi. Siku moja kabla, tia sufu kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu. Hii mifuko ni dhahabu kwa kazi hii, kwa sababu unaizamisha na kuiinua sufu bila kuivuruga. Jaza kiasi cha nusu kilo kwa mfuko, isibanane. Zamisha kwenye pipa la maji ya mvua yaliyo baridi, uache hadi kesho yake. Maji yatakuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Yachanganye na maji safi mara tatu, uyamwagie mahindi, majani ya nepia au miti. Usimwagie mboga zinazoliwa mbichi, maana yana mavi ndani.

Rudia kulowesha mara moja zaidi. Utaona uchafu mwingi umeshatoka kabla hujawasha moto.

Sasa mafuta. Mafuta ya sufu, yaani lanolini, huyeyuka yakipata joto la nyuzi 40 hivi, lakini kuyatoa unahitaji maji ya kama nyuzi 60: yale ambayo ukitumbukiza mkono unautoa mara moja. Pipa jeusi likikaa juani tangu asubuhi linakupunguzia kuni sana. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hadi maji yateleze. Usitumie sabuni ya unga wala magadi. Ni kali, hula sufu ikawa kavu kama nyasi.

Zamisha mfuko kwa kuukandamiza taratibu, halafu uache. Usikoroge, usisugue, usiupige kama jinzi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Uinue kabla maji hayajapoa, kwa maana yakipoa mafuta yataganda tena kwenye sufu na itanata kama gundi. Rudia kwa maji mapya yenye sabuni, kisha suuza mara mbili kwa maji ya moto wa kadiri ile ile. Kinachoharibu sufu ni mambo matatu yakikutana: joto, sabuni na msukosuko. Nyuzi za sufu zina magamba madogo kama ya samaki. Yakifunguka na kusuguana yanakamatana, na hakuna dawa ya kuyaachanisha. Maji ya bomba kuangukia moja kwa moja juu ya sufu yanatosha kuleta balaa hilo.

Usiikamue kwa kuipinda. Toka nje, shika mfuko, uzungushe hewani kwa nguvu kama unayerusha kombeo, na watoto wakae mbali. Anika kivulini penye upepo. Usishtuke ukipima: sufu ya Merino inaweza kupoteza nusu ya uzito wake, wote mafuta, jasho na vumbi.

Mafuta yanayoelea juu ya maji unaweza kuyakusanya yakipoa. Mimi hupaka mipini ya majembe, viatu vya ngozi na vyuma visipate kutu. Usimpake mtoto, wala mama anayenyonyesha asipake kwenye chuchu, hata kama umesikia lanolini inauzwa dukani kwa kazi hiyo. Ile imesafishwa kiwandani. Hii yako ina mabaki ya dawa ya josho.

Kikapu cha kupikia

Kama ungeniruhusu kitu kimoja tu kutoka kwenye gunia la pili, ningechagua hiki. Kikapu cha kupikia ni kile unachowekea sufuria iliyokwisha kuchemka, chakula kikaendelea kuiva kwa joto lake bila moto. Wengi hukijazia nguo kuukuu, sponji au majani ya migomba. Sufu inazishinda zote, kwa sababu nyuzi zake zimejikunja na kushika hewa isiyotembea, na pia zinaweza kunywa mvuke hadi karibu theluthi moja ya uzito wake bila kuhisi maji ukizigusa. Na kama ulivyoona nyuma ya banda langu, haishiki moto kwa urahisi.

Tafuta kikapu kipana chenye kina, ambacho sufuria yako ikiingia inabaki na nafasi ya upana wa kiganja pande zote na chini. Kata kitambaa cha pamba mara mbili, ukishone kama mfuko unaofuata umbo la kikapu, ukiacha tundu. Chambua sufu iliyooshwa kwa kuivutavuta mpaka iwe kama wingu, ndipo ujaze. Kikapu cha sufuria ya lita tano kilinila karibu kilo mbili. Usiishindilie, ukiishindilia unafukuza hewa, na hewa ndiyo inayofanya kazi. Shona mafundo hapa na pale kupitia tabaka zote mbili ili sufu isishuke chini. Kisha tengeneza mto mnene wa duara wa kufunikia juu. Huo mto ndio watu huufanya mwembamba, halafu wanalalamika chakula kimepoa.

Matumizi yake: wali, uchemke dakika tano na maji yake yote, ufunike, uhamishie kikapuni haraka, ufungue baada ya saa moja. Maharagwe yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa nguvu jikoni dakika 20 kabla ya kuyaingiza. Usipunguze hapo. Maharagwe mekundu yana sumu inayovunjwa na maji yanayotokota, na joto la kikapu peke yake halitoshi kuivunja. Yakae saa tatu au nne. Githeri ya mahindi makavu nitakuwa mkweli: iloweke, ichemshe nusu saa, iache saa nne, halafu utaichemsha tena kabla hujala. Bado unaokoa kuni nyingi.

Sufuria ijae angalau robo tatu, mfuniko ukae sawasawa, na usifungue kuchungulia. Chakula kikifunguliwa kikiwa vuguvugu, kichemshe kabla ya kula. Baada ya kila matumizi, anika mto juani.

Soli za gambuti

Mtu yeyote aliyechimba viazi Julai akiwa amevaa gambuti anajua miguu inavyokufa ganzi. Hapa lile balaa la kushikamana tunaliita kwa makusudi. Tumia sufu ya gunia la tatu, ya Corriedale au Merino. Ya Hampshire itakuchosha bure.

Ichane kwanza. Kama huna vichanuo vya sufu, nunua brashi mbili za waya za kuchania mbwa: weka sufu kidogo kwenye moja, pitisha nyingine juu yake mpaka nyuzi zilale upande mmoja. Chora mguu wako kwenye katoni, kisha ongeza ukubwa kwa theluthi kila upande, kwa sababu sufu itasinyaa. Juu ya mkeka mwembamba wa mianzi au wa plastiki, panga tabaka jembamba la sufu nyuzi zikielekea urefu wa mguu, la pili zikikatisha, la tatu urefu, la nne zikikatisha. Sita zikifika ni bora zaidi.

Funika kwa kipande cha neti kuukuu ya mbu. Nyunyiza maji ya moto yenye sabuni mpaka yote ilowe, bonyeza kwa viganja kutoa hewa. Sugua polepole kwa kuzungusha, bila nguvu, dakika kumi. Inua neti taratibu isije ikashonwa ndani. Finya uso kwa vidole viwili: nyuzi zikinyanyuka moja moja, endelea, kitambaa kizima kikinyanyuka, kiko tayari kwa kazi ngumu.

Kiviringishe ndani ya mkeka na ukisukume mbele na nyuma mezani mara mia mbili, ukigeuze robo, urudie, pande zote nne. Kisha kitupe kwa nguvu kwenye sinki au jiwe laini mara kadhaa. Utakiona kinajikunja na kunenepa mbele ya macho yako. Kikifika saizi ya mguu, suuza sabuni yote, maji ya mwisho yawe na kijiko cha siki, kikaushe kikiwa kimenyooka. Kata kingo kwa mkasi, hazitachanika nyuzi. Soli zangu za kwanza zilitoka zikamfaa mtoto wa darasa la tatu, kwa sababu niliona theluthi ni nyingi nikaipunguza.

Mito, na uzi kidogo

Mto wa kichwa unahitaji kama kilo moja hadi moja na nusu ya sufu iliyochambuliwa, ndani ya foronya nzito ya pamba iliyoshonwa mistari. Kwa blanketi la kujaza, tandaza sufu kati ya shuka mbili na ushone mafundo kila baada ya shubiri moja. Kifungue mto kila mwaka, ichambue sufu upya, uiache juani siku nzima.

Kusokota sitakueleza kwa kirefu, kwani mkono hujifunza kwa kumtazama mwenzako. Nanyuki kuna kikundi cha akina mama wanaosokota na kufuma sufu tangu mwaka 1977. Lakini ukitaka kujaribu nyumbani, chukua CD ya zamani, pitisha katikati kijiti cha urefu wa rula, kikaze kwa mpira, pigilia kigoe juu. Fungia uzi, uning'inize, uzungushe, na uvute sufu kidogo kidogo juu ya mzunguko. Wiki ya kwanza uzi utakuwa na mafundo kama mnyororo wa ng'ombe. Ufume hivyo hivyo, unapendeza kwa mazulia.

Kwa rangi, maganda makavu ya vitunguu ni mwanzo mzuri. Kwa gramu 100 za uzi safi, yeyusha gramu 12 hivi za shabu (alum), ile ya kushikisha rangi, kwenye maji ya kuuzamisha, pasha polepole muda wa saa moja bila kutokota, uache upoe humo. Chemsha maganda kwenye sufuria nyingine, yachuje, tia uzi, pasha taratibu saa nyingine. Utapata manjano ya dhahabu. Mikaratusi haihitaji hata shabu: majani ya baadhi ya aina zake, yakichemshwa muda mrefu na sufu ndani, hutoa rangi kuanzia kahawia hadi chungwa la kuiva. Jaribu mti mmoja mmoja, kwani miwili iliyosimama jirani yaweza kukupa rangi tofauti kabisa. Sufuria ya rangi isirudi jikoni.

Kuhifadhi

Adui ni nondo na panya. Nondo hupenda sufu chafu kuliko safi, kwa hiyo usiweke iliyo na jasho ndani ya nyumba zaidi ya msimu mmoja. Iliyokauka vizuri itie kwenye mifuko ya kitambaa cha pamba, si ya nailoni, uitundike juu ya dari penye hewa. Kila miezi miwili ishushe, ikung'ute, iache juani adhuhuri. Ukikuta mabuu, tia sufu kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge, uuweke juu ya bati la moto jua la mchana kutwa, kisha uifungue ipumue kabla ya kuirudisha. Na andika nje ya kila mfuko kwa kalamu isiyofutika: mwezi wa kunyoa, aina ya kondoo, na kama umeshaoshwa au bado. Mara moja nilimjazia mama mkwe mto kwa sufu ambayo haikuwa imeoshwa. Aliulalia siku mbili, kisha akauliza kwa upole kama kuna kondoo ndani ya nyumba.